Namna ya Kuusoma Msikiti wa Kale wa Pwani

Watu wengi wakifika Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani huenda moja kwa moja kwenye mihrabu. Hupiga picha, hugeuka wakatazama kuba, hupiga picha nyingine, kisha humuuliza nahodha mashua inarudi saa ngapi. Nusu saa haijatimia, wameshamaliza. Nimewaona hata walimu na wanafunzi wao wakifanya hivyo baada ya kusafiri kama kilomita 300 kutoka Dar es Salaam, na kila mara huniuma, kwa sababu aliyeanza na mihrabu ameanzia mwisho wa habari. Jengo lile lilipangwa kwa ajili ya mtu anayetoka nje na vumbi miguuni, akapita kwenye maji, akavuka kizingiti, akapenya baina ya nguzo, ndipo akasimama mbele ya kibla. Nakshi imewekwa mwisho wa mwendo huo kwa makusudi.

Basi mbinu ninayoifuata ni hii: mfuate mwenye kuswali. Pita alikopita, simama aliposimama, na kila hatua ujiulize fundi alikuwa na nini mkononi mpaka akajenga hivi. Itakufaa Kilwa na Songo Mnara, itakufaa Gedi, Kaole, Tongoni, Kua kule Mafia, na Kizimkazi ambako bado watu wanaswali. Mifano yangu mingi ni ya Kilwa kwa kuwa ndiko jengo lilikobeba mambo mengi mahali pamoja.

Kabla ya kwenda

Chukua dira, utepe wa kupimia wa mita 5 au zaidi, tochi, daftari lisilo na mistari na kalamu ya risasi. Kalamu ya wino huganda jasho na chumvi ya bahari vikiingia kwenye karatasi. Simu ina dira na tochi, lakini betri yake huisha ukiwa katikati ya kazi, na dira yake hupotea ikisogezwa karibu na chuma.

Kibali cha kwenda kisiwani hupatikana Kilwa Masoko kabla ya kuvuka, usikiache kwa kutegemea kwamba mtaelewana mbele ya safari. Muulize nahodha habari za maji. Maji yakiwa yamekupwa utashuka mbali na kutembea juu ya miamba, kwa hiyo vaa viatu visivyoogopa maji. Ukiweza, fika kabla ya saa mbili na nusu asubuhi, au baki hadi baada ya saa kumi alasiri. Jua likiwa utosini ukuta wa chokaa huwa mweupe mtupu na mchongo wote hupotea. Jua la pembeni ndilo linalotoa kivuli ndani ya kila mkato wa patasi.

Gofu la msikiti ni msikiti. Sijali kama paa limeanguka miaka 400 iliyopita. Usipande ukutani kupigwa picha, usile ndani, na ukiona wenyeji wamevua viatu, vua. Kwenye msikiti unaoswaliwa, mtafute imamu au muadhini, msalimie, mweleze unachotaka kutazama na uombe ruhusa ya picha. Baina ya adhuhuri na alasiri ndipo penye nafasi zaidi. Wanawake waulize mapema waingie kwa mlango gani, maana kila mji una utaratibu wake na hakuna haja ya kumfedhehesha mwenyeji.

Toa dira kwanza

Kwenye mwambao wetu Makka iko kaskazini. Kilwa iko karibu na longitudo ya 39.5 mashariki na Makka karibu na 39.8, kwa hiyo mtu aliyesimama Kilwa akielekea kibla anaelekea kaskazini, na tofauti yake haifiki digrii moja. Mombasa ni karibu vilevile. Lamu, iliyo mashariki kidogo, huinamisha kibla chake digrii chache upande wa magharibi.

Faida ya jambo hili kwa mtazamaji ni kubwa kuliko unavyodhani. Kwenye gofu lililobaki kuta za kiuno, au lililofunikwa na mizizi, utaujua ukuta wa kibla kwa dira hata kama mihrabu yake imeporomoka. Ukishaujua huo, milango, kisima na mimbari utaweza kuvikisia vilipo. Na ukikuta jengo lenye mawe mazuri, lenye ukumbi mrefu, lakini halina ukuta unaotazama kaskazini, jua huenda uko ndani ya nyumba ya tajiri, si msikitini. Andika kipimo cha dira juu kabisa ya ukurasa wako. Kisha chora mstatili na mshale wa kaskazini, uanze kuujaza.

Maji na miguu

Sasa toka nje. Tafuta kisima, tafuta birika, na tafuta njia baina yake na mlango.

Msafiri Ibn Battuta alipita mwambao huu mwaka 1331, na alipofika Mombasa jambo lililomgusa misikitini lilikuwa maji. Ameeleza kwamba watu walikwenda pekupeku, na kwamba penye mlango wa msikiti palikuwa na kisima kisichozidi dhiraa moja au mbili kwa kina. Maji yalichotwa kwa chombo cha mti chenye mpini mwembamba. Mtu aliosha miguu, akaipangusa kwenye kipande cha mkeka mzito, ndipo akaingia. Mgeni aliyekwisha kuiona misikiti ya Makka, Damasko na Kairo alisimama Mombasa akatazama jinsi watu wanavyoosha miguu. Hilo linatosha kukuonyesha pa kuanzia.

Ukifika kwenye sehemu ya udhu, Kilwa au Gedi au Kaole, piga magoti. Tazama ukingo wa birika: je, umelika upande mmoja? Huko ndiko mikono ilikokuwa ikipita. Tafuta mifereji midogo sakafuni na ufuate maji yalikwenda wapi baada ya kutumika. Tafuta mawe ya kusugulia miguu. Kilwa utayakuta ya mviringo, yamepachikwa sakafuni, uso wake wa kukwaruza. Gusa moja kwa kiganja utaelewa kazi yake bila kuelezwa. Kisha tazama plasta ya ndani ya birika. Chokaa ya kuzuia maji hupigwa ikasuguliwa hadi ikang'aa, na mahali ilipobaki nzima huwa ngumu na laini kuliko plasta yoyote ya ukutani. Fundi aliweka ustadi wake wa kwanza hapa, penye maji, wala hapana nakshi hata moja. Watazamaji wengi hupapita.

Huku nje pia angalia kama kuna mnara. Mara nyingi hutauona. Misikiti ya kale ya pwani kwa sehemu kubwa haikuwa na minara. Muadhini alipanda darini au alisimama mlangoni. Ndiyo maana minara michache iliyopo hukumbukwa sana, kama ule wa Msikiti wa Ijumaa wa Shela, Lamu, wa mwaka 1829, wa duara na wenye kuchongoka juu.

Nguzo na hesabu ya boriti

Ingia sasa, lakini usitazame mbele. Tazama chini, uhesabu nguzo.

Ukumbi wa kaskazini wa Msikiti Mkuu wa Kilwa ndio wa kale zaidi, wa karne ya 11 au 12. Ulikuwa na nguzo 9, safu 3 za nguzo 3, zilizochongwa kwa matumbawe na baadaye zikabadilishwa kwa za mti. Nguzo 9 zikipangwa hivyo hugawa paa katika miraba 16, minne kwa minne. Chora mwenyewe uone. Ukishachora utagundua jambo linaloshangaza: safu ya kati inaangukia kwenye mstari wa mihrabu. Mtu aliyeingia kutoka kusini alikutana na nguzo mbele ya macho yake, si mihrabu. Utaona mpango huo kwenye misikiti mingi ya pwani. Aliyezoea picha za misikiti ya Istanbul hudhani ni kasoro, lakini msikiti huu ulijengwa kwa ajili ya safu za watu waliosimama bega kwa bega, na safu hukaa vizuri kabisa baina ya nguzo. Jaribu kusimama kwenye mraba wowote utaona.

Halafu pima. Weka utepe kutoka ukutani hadi nguzo ya kwanza, kutoka nguzo hadi nguzo, na uandike kila namba. Fanya hivyo pia kwenye msikiti mwingine, na kwenye nyumba ya zamani Lamu au Mji Mkongwe. Utaona namba zinarudiarudia, mara nyingi chini ya mita 3. Sababu yake ni boriti. Paa la kale la pwani lilikaa juu ya magogo ya mkoko, yale yaliyokatwa kwenye mikoko ya Rufiji na delta nyingine na kusafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni na Ghuba. Boriti ni ngumu na hailiwi na mchwa upesi, lakini haizidi urefu huo bila kuinama, kwa kuwa juu yake hupangwa vipande vya matumbawe, kisha humiminwa kokoto na chokaa na kupigwa kwa magongo kwa siku kadhaa hadi zishikane. Uzito wake ni mkubwa mno. Kwa hiyo kila aliyetaka msikiti mpana alilazimika kuongeza nguzo. Upana wa vyumba vyetu, wembamba wa kumbi zetu, hata mpangilio wa safu za swala, umetokana na mti mmoja wa matopeni.

Mimi naamini hiki ndicho kipimo muhimu kuliko vyote. Ukikosa muda wa kufanya jambo jingine lolote, pima nafasi ya boriti.

Geuka kusini: mtu aliyetaka kuishinda boriti

Kipimo hicho ndicho kitakachokufanya uelewe upande wa kusini. Mwanzoni mwa karne ya 14 Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, yuleyule aliyejenga kasri la Husuni Kubwa, aliuongeza msikiti ukawa mkubwa mara kadhaa kuliko ulivyokuwa. Dhahabu iliyokuwa ikitoka Sofala ilipita mikononi mwa Kilwa wakati huo, na jengo linaonyesha. Lakini hakuongeza nguzo na boriti tu. Alileta kuba, miongoni mwake kuba kubwa ambayo hakuna iliyoizidi Afrika Mashariki mpaka karne ya 19. Mwenye kuba anaweza kufunika nafasi bila gogo hata moja juu yake.

Jinsi ya kuutambua ujenzi huo: simama chini ya mraba mmoja, inua kichwa, ujiulize kama paa linainama kutoka pande zote nne au pande mbili tu. Likiinama kutoka pande zote hiyo ni kuba. Likiinama kutoka pande mbili na kurefuka kama pipa lililopasuliwa, hilo ni tao la pipa. Sehemu ya kusini ya Kilwa ina vyote viwili, kwenye miraba 30. Weka alama ya duara kwenye mchoro wako kwa kila kuba na mistari miwili kwa kila pipa. Tazama pia uso wa ndani: chokaa ilimiminwa juu ya kiunzi cha mbao, na pengine alama za mbao zile zimebaki kama zilivyobanwa.

Sasa tafuta mshono. Mahali ukuta mpya ulipounganishwa na wa zamani mara nyingi pana mstari wa wima ambapo mawe hayapishani, kama kitambaa kilichoshonewa kipande. Ukiuona, umeona tarehe mbili kwa mpigo. Pita pia sehemu zote zenye vipande vya nguzo vilivyolala. Nguzo za kwanza za nyongeza hii zilikuwa za jiwe zima la matumbawe, moja kwa moja kutoka chini hadi juu, na hazikustahimili. Msikiti uliporomoka, ukajengwa upya karne ya 15, na zile nguzo za pembe nane unazoziona zimesimama leo, zilizojengwa kwa mawe na chokaa, ni za matengenezo hayo. Hesabu pembe zake. Linganisha unene wake na wa nguzo zilizolala. Mafundi wa karne ya 15 walikuwa wamejifunza kutokana na maporomoko ya babu zao, na somo lenyewe wameliacha hapo kwa mawe.

Hatua chache kutoka hapo uko Msikiti Mdogo wa Kuba, wa karne ya 15. Usiuache. Kuba yake ya kati ina nguzo ya pembe nane iliyosimama juu yake kwa nje, na kwa ndani baadhi ya kuba zimepambwa kwa bakuli za kung'aa zilizobanwa kwenye chokaa. Lala chali sakafuni kama mlinzi ataruhusu. Shingo haitoshi kwa kazi hiyo.

Matumbawe ya aina mbili

Kabla hujafika kwenye mihrabu jifunze kutofautisha mawe, la sivyo utasifia kitu usichokijua.

Ukuta mnene umejengwa kwa mawe ya nchi kavu: matumbawe ya kale yaliyogeuka mwamba, magumu, yenye mashimo makubwa na pengine makombe ndani yake. Hayachongeki vizuri, kwa hiyo yalipangwa na kufunikwa plasta. Lakini fremu za milango, ncha za matao, mihrabu na kila chenye mchongo vilitengenezwa kwa matumbawe yaliyokatwa baharini yakiwa hai. Yakitoka majini huwa laini na patasi huyakata kama sabuni. Yakikauka hewani hukaza. Fundi alikuwa na siku za kuhesabika kumaliza mchongo wake. Sogea karibu, washa tochi, utaona vitundu vidogo vilivyopangika sawasawa kama sega la nyuki. Hayo ndiyo ya baharini.

Ukilifahamu hili, utajua mara moja wapi tajiri alitumia fedha. Jiwe la sega lililokatwa kwa pembe kali penye mlango wa kawaida maana yake mwenye msikiti hakubana matumizi. Na utajua wapi pamekarabatiwa, kwa sababu kiraka cha jiwe la nchi kavu kwenye fremu ya jiwe la bahari huonekana kama jino la bandia.

Sasa, mihrabu

Fika taratibu. Simama mbali kwanza, mahali pa safu ya tatu au ya nne. Mihrabu ya pwani haikuchongwa itazamwe pua ikigusa ukuta, imechongwa ionekane na safu nzima kwenye mwanga hafifu wa ukumbi usio na madirisha mengi. Tazama umbo la tao lake: limechongoka? Lina vipetali vitatu au zaidi? Lina fremu ngapi, moja ndani ya nyingine? Kisha tazama kulia kwake kama kuna mimbari. Mara nyingi ni ngazi chache za mawe zilizojengwa papo hapo ukutani, na wapita njia hudhani ni kifusi.

Kisha sogea. Ukiona mashimo ya duara, ya ukubwa wa kiganja au zaidi, kwenye uso wa mihrabu au pembe za tao, usidhani ni uharibifu wa risasi. Ndani yake mlikuwa na bakuli za kaure kutoka Uchina na vyombo vya kung'aa kutoka Uajemi na Uarabuni, vilivyobanwa kwa chokaa ili vimeremete taa zikiwashwa. Gedi kuna mihrabu ya namna hiyo, na Kaole desturi hiyohiyo utaiona kwenye makaburi ya nguzo. Hesabu mashimo, pima kipenyo chake, weka alama kwenye mchoro mahali kila moja lilipo. Kama kipande kimebaki, andika rangi yake kwa uangalifu: kijani cha baharini kisicho na picha, au nyeupe yenye michoro ya buluu. Kijani kilipendwa sana karne ya 14 na 15, buluu na nyeupe ilitapakaa kuanzia karne ya 15 kuja mbele. Kwa hiyo kigae cha ukubwa wa ukucha kinaweza kukwambia umri wa mapambo. Na kwa ajili hiyo hiyo usikiokote hata ukikikuta chini. Kikitoka mahali pake hakitamwambia mtu chochote tena. Bakuli nyingi zinazokosekana leo zimeng'olewa na watu waliotaka ukumbusho.

Ukiwa Gedi, zunguka mlango wa upande wa mashariki wa msikiti mkubwa utazame pembeni mwa tao. Kuna mkuki uliochongwa. Mkuki ni alama ya enzi katika nchi za huku, umewekwa kwenye mlango wa nyumba ya Mungu, na hakuna aliyeona tabu juu ya hilo.

Kwa maandishi nenda Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja. Kwa nje utaona msikiti mdogo wenye paa la bati, na ungepita bila kusimama. Ndani, pande mbili za mihrabu, kuna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye matumbawe, ncha za herufi zikichanua kama majani, yakiutaja mwezi wa Dhulkaada mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Jina la Sheikh Abu Imran Musa ibn al-Hasan ibn Muhammad limo. Mtindo wake unafanana na ule wa Siraf, bandari ya Uajemi. Kuta zenyewe kwa sehemu kubwa ni za matengenezo ya karne ya 18, na hapo ndipo mazoezi yako ya mishono na mawe yatakapolipa: jaribu kutenganisha kwa macho kilicho cha 1107 na kilichojengwa kukizunguka.

Huhitaji kujua kusoma Kikufi ili kuifurahia kazi hiyo. Fuata mstari wa chini ambao herufi zote zimesimama juu yake, kisha hesabu zilizopanda hadi juu. Fundi aliziachia nafasi sawa hata pale neno lenyewe halikumsaidia, na majani yamejaza kila pengo.

Namna ya kuchora mchongo

Picha hudanganya, hasa ya simu, maana hulainisha vivuli. Funika sehemu ya mwanga wa jua kwa mwili wako au kanga, shika tochi upande mmoja wa jiwe, karibu na ukuta, ili mwanga upite juu ya mchongo kama jua la magharibi. Mistari uliyodhani imefutika itajitokeza. Sogeza tochi juu, kisha chini, chora unachokiona katika kila hali.

Usichore pambo zima. Tafuta kipande kinachojirudia, ukipime na kukichora kikubwa, kisha andika kimejirudia mara ngapi. Msokoto wa kamba una pindo moja linalorudiwa. Mifupa ya samaki ina mistari miwili inayokutana. Ua lina petali sita au nane. Ukishapata kipande hicho unaweza kuichora fremu yote ukiwa nyumbani. Na angalia mahali kipande kinapokutana na kona. Hapo ndipo fundi mzuri hutofautiana na wa kawaida: mmoja alihesabu kabla ya kukata, kona yake ikatoka nzima; mwingine alifika konani akabakiwa na nusu ua.

Kamwe usipake chaki ili herufi zionekane, usimwagie maji, usibandike karatasi ukasugua kwa kalamu. Matumbawe yaliyokwisha kula chumvi miaka 600 hutoka unga kwa kidole tu.

Kwa wenye misikiti inayoswaliwa

Neno hili ni la kamati za misikiti ya zamani, na nalisema kwa moyo wote kwa sababu nimeona mihrabu iliyodumu karne nyingi ikiharibiwa ndani ya miaka 10 na watu wenye nia njema. Simenti haifai juu ya matumbawe. Ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua; unyevu unaopanda kutoka ardhini hutoka kupitia plasta ya chokaa na kukauka. Ukiupiga simenti, au rangi ya mafuta, unyevu hukosa njia. Unabaki ndani ya jiwe pamoja na chumvi, chumvi inaganda nyuma ya plasta, na jiwe linageuka unga. Kwa nje mnaona plasta ya simenti inang'oka vipande vikubwa, mnadhani fundi alibana simenti, mnampa aongeze.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikishwa UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 1981, yakaingizwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, na yakatolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Kazi ya namna hiyo inahitaji mafundi wanaojua chokaa, na mwambao haujawakosa. Watafuteni. Chokaa ichomwe, imwagiwe maji hadi isambaratike, iachwe ikae miezi kabla ya kutumika. Ichanganywe na mchanga uliooshwa chumvi, na udongo mwekundu kwenye kazi ya ukutani. Matumbawe hai msikate; bahari haistahimili, wala sheria haitaki. Mawe ya kuta zilizoanguka yanatosha kwa viraka.

Kabla ya kugusa chochote, choreni na mpige picha kila ukuta, na mwandike tarehe. Plasta ya simenti iliyopo itolewe kwa patasi ndogo, kidogo kidogo, kuanzia mbali na mihrabu, maana huenda chini yake kuna mchongo ambao mababu waliuziba. Anzeni na kipande cha dhiraa moja mraba kwenye kona isiyo na nakshi, mkipige chokaa mpya, mkiloweshe asubuhi na jioni kwa wiki ya kwanza kisikauke haraka kikapasuka. Kisha mkiache. Masika yapite, jua la kiangazi lipite, mrudi mkikigonge kwa kifundo cha kidole. Kikitoa sauti nzito, isiyo ya uwazi, na ukuta wa nyuma ukiwa mkavu, endeleeni na dhiraa ya pili.